Je, niendelee na Emma Goldman au nitafute mwanamke mwingine?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasoma historia. Nilichagua kuandika tasnifu juu ya Emma Goldman, mwanaharakati wa zamani wa Marekani aliyepigania jamii isiyo na serikali, baada ya kuona picha yake mtandaoni ikiwa na maneno 'Kama siwezi kucheza, haya si mapinduzi yangu.' Nilimpenda papo hapo. Lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyochanganyikiwa. Nimekuta kwamba alishiriki kupanga kumuua tajiri mmoja, kwamba aliwabeza wanawake waliopigania kura, na kwamba aliyakana mapinduzi ya Urusi aliyokuwa akiyasifu. Msimamizi wangu anasema huyo ni mtu wa fujo, nitafute mwanamke mwingine. Halafu kuna jambo jingine. Posa imeshapokelewa nyumbani, harusi ni baada ya mahafali, na mchumba wangu anasema nikishaolewa hakuna haja ya kutafuta kazi. Nimeisoma na kuirudia insha ya Goldman kuhusu ndoa na mapenzi, na tangu hapo usingizi sipati. Je, huyu mama ni wa kuaminiwa? Nianze wapi kumsoma?"

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni la tasnifu: unaogopa umejifunga kwa mtu ambaye kila ukifungua ukurasa mwingine anakutia aibu. La pili ni la nyumbani kwenu, nalo umeliweka mwishoni kana kwamba ni dogo. Nitayajibu yote mawili. Naanza na la tasnifu, kwa sababu ukishaelewa Goldman alivyofikiri kuhusu bastola, Urusi na kura, utajua pia insha yake ya ndoa uichukue kwa uzito gani.

Kwanza tuyaweke sawa yale maneno ya kucheza. Hayamo katika maandishi yake. Yalianza kuenea mwaka 1973 kupitia fulana zilizochapishwa New York zikiwa na picha yake. Mtu alifupisha kisa kimoja kilichomo katika kitabu cha maisha yake, Living My Life, cha mwaka 1931, na ufupisho ukageuka nukuu. Kisa chenyewe ni kizuri kuliko fulana. Goldman alikuwa kijana, siku za mgomo wa washona makoti, na kwenye dansi la wanaharakati alikuwa hachoki kucheza. Kijana mmoja akamvuta pembeni, uso umekunjamana kama mtu anayeleta habari za msiba, akamnong'oneza kwamba haimpendezi mhamasishaji wa umma kucheza vile, watu wataidharau harakati. Goldman akawaka. Akamwambia ashughulike na yake, kisha akasema haamini kwamba harakati inayopigania maisha mazuri inaweza kumtaka mtu ayakane maisha na furaha.

Kwa hiyo usiyatie maneno ya fulana kwenye tasnifu kama kauli yake. Ila hoja iliyomo ndani ya kisa ishike sana, kwa sababu ndiyo iliyomsumbua tangu ujana hadi kaburini: je, unaweza kufika kwenye uhuru kwa kupita njia inayoukanyaga uhuru? Mambo matatu yaliyokukwaza wewe yanatoka kwenye swali hilo moja. Kuna wakati alilijibu vibaya, kuna wakati alilijibu kwa ujasiri uliomgharimu karibu kila rafiki.

Msimamizi wako anasema ni mtu wa fujo. Hayuko peke yake. Watu wengi wakisikia anakia, itikadi ya Goldman, wanafikiria kila mtu kufanya atakalo, maduka kuporwa na barabara kuwaka moto. Waanakia wa kizazi cha Goldman, na hasa Kropotkin, mwanafikra wa Urusi ambaye ndiye aliyemfundisha zaidi kwa maandishi yake, walitaka jamii yenye mpangilio, lakini mpangilio uanzie chini: vyama vya wafanyakazi, ushirika, jumuiya za vijiji na mitaa, vikundi vinavyokubaliana vyenyewe bila serikali yenye polisi na magereza juu yao, na bila tajiri anayemiliki kiwanda na jasho la waliomo. Goldman aliongeza kwenye orodha hiyo dini zinazompangia mwanamke mwili wake. Unaweza kukataa kwamba jambo hili linawezekana. Mimi nina mashaka makubwa jinsi watu milioni kadhaa watakavyojenga reli au kupambana na kipindupindu kwa mapatano ya hiari peke yake. Lakini hiyo ni hoja ya kujibiwa kwa hoja, na mwanafunzi wa historia anaruhusiwa kuichunguza.

Alifikaje huko? Alizaliwa mwaka 1869 mjini Kovno, leo Kaunas nchini Lithuania, wakati huo chini ya Dola ya Urusi, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1885 alivuka bahari na dada yake Helena hadi Rochester, jimbo la New York. Huko alishona makoti kiwandani saa kumi na nusu kwa siku kwa malipo ya dola mbili na nusu kwa wiki. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, wafanyakazi wa Marekani waligoma wakidai siku ya kazi iwe saa nane. Tarehe 4, kwenye mkutano wa Haymarket mjini Chicago, mtu asiyejulikana hadi leo alirusha bomu kati ya polisi. Waanakia wanane walitiwa hatiani ingawa haikuthibitishwa kwamba yeyote kati yao ndiye aliyelirusha. Wanne walinyongwa tarehe 11 Novemba 1887. Goldman aliandika kwamba kifo chao ndicho kilichomzaa upya. Na wewe ukiandamana Mei Mosi na chama chako cha wafanyakazi, unaendeleza kumbukumbu ya mgomo uleule.

Sasa twende kwenye bastola, na hapa sitakupunguzia ukali.

Mwaka 1892 wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Carnegie kule Homestead, Pennsylvania, walifungiwa nje katika mzozo wa mishahara na chama chao. Meneja mkuu, Henry Clay Frick, alileta walinzi wa kukodi wa Pinkerton kwa majahazi usiku, na tarehe 6 Julai watu wa pande zote mbili waliuawa. Goldman na mwenziwe Alexander Berkman, ambao siku hizo walikuwa wakiendesha kigahawa cha aiskrimu katika mji wa Worcester, walifunga biashara wakaamua Frick afe. Walijaribu kwanza kutengeneza bomu, likashindikana. Ikabaki bastola, na fedha hawakuwa nazo. Goldman anasimulia mwenyewe kwamba alikwenda Fourteenth Street mjini New York kuuza mwili wake ili apate fedha hizo. Mzee mmoja aliyemfuata alimnunulia bia, akamwona hana uzoefu wowote, akampa dola kumi na kumwambia arudi nyumbani. Kiasi kilichobaki alimwomba dada yake Helena kwa telegramu, akidanganya kwamba ni mgonjwa. Nauli ilitosha mtu mmoja. Tarehe 23 Julai Berkman aliingia ofisini kwa Frick mjini Pittsburgh, akampiga risasi, akamchoma, na bado Frick akapona. Berkman alihukumiwa miaka 22, akatumikia 14.

Kwa hiyo ndiyo, alishiriki. Hakusingiziwa, na habari hizi tunazo kwa undani hivi kwa sababu yeye mwenyewe ameziandika. Angalia matokeo pia: wafanyakazi wa Homestead hawakuwa wamemwomba mtu yeyote awaulie meneja, huruma ya umma ikahamia kwa Frick, na kufikia Novemba mgomo ulikuwa umeshindwa. Seremala aliyekuwa akifanya kazi kwenye jengo lile, mfanyakazi kama wale ambao Berkman alidhani anawatetea, ndiye aliyempiga Berkman nyundo ili kumzuia. Naamini tukio hilo linastahili sura nzima ya tasnifu yako. Vijana wawili waliompenda mfanyakazi kama wazo, na mfanyakazi mwenyewe akasimama upande wa pili.

Usichanganye jambo hili na lile la Rais McKinley wa Marekani. Leon Czolgosz, aliyempiga risasi McKinley mjini Buffalo Septemba 1901, alikuwa amemsikiliza Goldman akihutubia Cleveland mwezi Mei. Polisi walimkamata Goldman Chicago, wakamhoji kwa siku kadhaa, wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Hakuhusika. Lililowachukiza hata rafiki zake ni kwamba alikataa kumlaani yule kijana. Alisema yuko tayari kumuuguza McKinley kama muuguzi, na papo hapo akasema huruma yake iko kwa Czolgosz aliyetelekezwa na kila mtu. Berkman kutoka gerezani alimwandikia kwamba hakubaliani naye: kumuua rais katika nchi ambayo watu wanaamini wanajitawala kwa kura hakumfundishi mtu chochote. Soma majibizano hayo pamoja na insha ya Goldman kuhusu saikolojia ya ukatili wa kisiasa, iliyomo katika Anarchism and Other Essays, kitabu cha mwaka 1910. Anaeleza humo vizuri kwa nini mtu hufikia kuua. Anapata shida kusema kama ilikuwa sawa, na wewe uionyeshe shida hiyo bila kumfichia.

Urusi ndiko swali lile lilikomrudia kwa nguvu zote.

Mwaka 1917 Marekani ilipoingia vitani, Goldman na Berkman walianzisha umoja wa kupinga watu kulazimishwa kwenda jeshini. Walifungwa miaka miwili. Walipotoka, serikali iliwapakia pamoja na wengine, jumla yao 249, kwenye meli kuukuu iliyoitwa Buford, ikaondoka New York tarehe 21 Desemba 1919 kuelekea Urusi. Goldman alikwenda na moyo mweupe. Alikuwa amewatetea Wabolsheviki, chama cha Lenin kilichotwaa madaraka Urusi mwaka 1917, hadharani Marekani kote, na sasa alitaka kujenga nao.

Alichokikuta alikiandika kwa uchungu: mgao wa chakula uliopangwa kwa ngazi ya cheo, magereza yenye wafuasi wa anakia waliokuwa bega kwa bega na Wabolsheviki miaka mitatu nyuma, urasimu wa kutafuta kibali cha kila kitu. Alipokutana na Lenin mwaka 1920 na kumuuliza kuhusu wafungwa hao na uhuru wa kusema, alijibiwa kwamba wakati wa mapinduzi uhuru huo hauna nafasi. Bado alijikaza. Alijiambia kwamba nchi imezingirwa na maadui, kuna njaa, tuvumilie. Kisha ikaja Machi 1921. Mabaharia wa Kronstadt, kituo cha jeshi la majini karibu na mji wa Petrograd, waliosifiwa mwaka 1917 kuwa fahari ya mapinduzi, waliwaunga mkono wafanyakazi waliogoma mjini humo, wakadai uchaguzi huru wa mabaraza. Goldman na Berkman waliiandikia serikali wakiomba mgogoro utatuliwe kwa mazungumzo, wakapendekeza hata tume ya watu watano. Jeshi Jekundu likavuka barafu na kuiteka Kronstadt. Petrograd walisikia mizinga usiku na mchana. Desemba mwaka huohuo wakaondoka.

Umeandika kwamba "aliyakana mapinduzi". Hapa nakusahihisha, kwa sababu kosa hili lilifanywa na watu wakubwa kuliko wewe. Goldman alitofautisha mapinduzi, yaani wakulima kutwaa ardhi na wafanyakazi kutwaa viwanda mwaka 1917, na dola ya chama kimoja iliyoyakalia mapinduzi hayo. Alidai ya pili iliiua ya kwanza. Hata jina la kitabu chake, My Disillusionment in Russia, ni la mchapishaji. Yeye alikipa jina linalosema tu kwamba ni miaka yake miwili Urusi. Na hapa kuna jambo la kiufundi ambalo litakuokoa mbele ya mtahini: toleo la 1923 lilitoka bila sura 12 za mwisho. Zilichapishwa peke yake mwaka 1924, kisha kitabu kizima kikatoka London mwaka 1925. Mwanafunzi anayetumia toleo la 1923 hajaisoma Kronstadt, wala hajalisoma neno la kufungia kitabu, ambalo kwa maoni yangu ndizo kurasa bora kabisa alizowahi kuandika. Anasema humo kwamba hakuna kosa kubwa kuliko kudhani lengo ni kitu kimoja na njia ni kitu kingine. Njia, anasema, kwa kutumika kila siku huingia katika tabia ya watu, ikawa sehemu ya lengo, na mwisho hulibadilisha.

Mwanamke aliyeandika maneno hayo ndiye yule aliyetafuta fedha za bastola mwaka 1892. Hilo ndilo linalonifanya nikuambie usimwache. Wanaharakati wengi waliokwenda Urusi waliona mambo yaleyale wakanyamaza, ama kwa woga wa kuwafurahisha mabepari, ama kwa kuona aibu kusema tulikosea. Yeye alisema. Wa kushoto walimwita msaliti, hasa alipotoa makala zake kwenye gazeti la matajiri, New York World, na wa kulia waliofurahia makala hizo hawakumruhusu kurudi kuishi Marekani.

Msimamizi wako akitaka kukubana, atakupeleka Hispania, na ajiandae nawe ujiandae. Mwaka 1936, akiwa na miaka 67, Goldman alikwenda Barcelona kuwaunga mkono waanakia waliokuwa wakipigana na Franco, jenerali aliyeasi serikali. Walipoingia serikalini, kinyume cha kila walichohubiri, Goldman aliwakosoa vikali kwenye barua na vikao vya ndani, lakini hadharani kule London akawatetea. Kwa nini Lenin alinyimwa uvumilivu ambao wenziwe wa Hispania walipewa? Sidhani kuna jibu linalomsafisha kabisa. Aliwapenda hawa na walikuwa wanakufa.

Kuhusu kura nitakuwa mfupi. Hakuwabeza kwa kuamini kwamba mwanamke hafai kupiga kura. Anasema wazi katika insha yake kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Alichokataa ni ahadi kwamba kura itasafisha siasa na kumkomboa mwanamke. Alitoa mfano wa majimbo kama Colorado na Wyoming, ambako wanawake walikwisha kupiga kura na mfanyakazi aliendelea kunyonywa vilevile. Kwenye insha nyingine, ya maafa ya ukombozi wa mwanamke, anasema mwanamke anaweza kupata kila haki ya nje na bado akatawaliwa na hofu ya watu watasemaje. Sehemu hiyo ya pili ni kali na bado ina uhai. Ile ya kwanza, mimi naona alikosea. Kura haimalizi unyonge, lakini asiyekuwa nayo hupangiwa sheria za ardhi, mirathi na uzazi na watu wasiomhitaji kwa lolote. Alidai kifaa kimoja kifanye kazi yote, na kilipoonekana hakitoshi akakitupa.

Sasa twende nyumbani kwenu.

Insha ya ndoa na mapenzi inasema ndoa ni mkataba wa kiuchumi unaofanana na bima, ila bima ya kawaida mtu hulipa fedha na anaweza kuacha, wakati mke hulipa kwa jina lake, faragha yake, heshima yake na maisha yake yote. Ni maneno mazito, na yalitoka kwa mtu aliyekuwa na sababu. Baba yake alitaka kumwoza akiwa na miaka 15. Binti alipolia kwamba anataka kusoma, baba alikitupa kitabu chake cha sarufi ya Kifaransa motoni, akamwambia msichana wa Kiyahudi anahitaji tu kujua kupika samaki, kukata tambi nyembamba na kumzalia mumewe watoto tele. Aliolewa Rochester mwaka 1887 na Jacob Kershner, ndoa ikavunjika haraka. Baadaye alisomea ukunga Vienna, akazalisha wanawake maskini katika vyumba vya kupanga vya New York, akina mama waliomsihi kwa machozi awasaidie wasibebe mimba nyingine, katika nchi ambayo sheria ya mwaka 1873 ilifanya kutuma kwa posta maelezo ya kuzuia mimba kuwa kosa la jinai. Mwaka 1916 alifungwa kwa kutoa mhadhara juu ya jambo hilo. Alipewa faini ya dola 100 au siku 15 ndani, akachagua kwenda ndani.

Na angalia sheria ilivyomfanyia. Uraia wake wa Marekani aliupata kupitia kwa Kershner. Mwaka 1909 serikali ilimvua Kershner uraia, na kwa njia hiyo ikamvua mke aliyeachana naye miaka mingi nyuma. Ndivyo walivyoweza kumfukuza mwaka 1919. Alipobaki hana nchi, mwaka 1925 mchimba makaa wa Wales, James Colton, mwanaharakati mwenzake, alimwoa ili apate pasi ya Uingereza. Mwanamke aliyepinga ndoa kuliko wote wa wakati wake alipoteza nchi kwa sababu ya mume, akapata nyingine kwa sababu ya mume. Ukiisoma insha huku unajua hayo, utaona anazungumzia mfumo wa sheria na fedha uliomweka mwanamke pale, zaidi ya kuzungumzia watu wawili wanaopendana.

Lakini ujue pia yeye mwenyewe alishindwa kuishi sawasawa na alivyohubiri. Barua zake kwa Ben Reitman, mpenzi wake na meneja wa ziara zake, zilipatikana mwaka 1975 katika duka la magitaa Chicago. Zimejaa wivu na kubembeleza. Analia humo kwamba anawezaje kuhubiri uhuru wa mapenzi majukwaani naye ni mtumwa wa mapenzi. Sikuelezi haya ili umdharau. Nakueleza ili usimfanye mshenga wala hakimu wa uchumba wako. Hajamwona mchumba wako, na alipokuwa kwenye mapenzi yake hakuwa na majibu.

Anachoweza kukupa ni swali moja: ukiwa ndani ya ndoa hiyo, utakuwa na chako cha kukuwezesha kukubali kwa hiari na kukataa bila kuogopa njaa? Kauli ya "hakuna haja ya kutafuta kazi" inagusa hapohapo. Huenda mchumba wako anasema kwa upendo, akidhani anakuondolea mzigo, na ukimweleza atasikia. Huenda ni amri. Mimi sijui, na wewe hutajua kwa kusoma insha usiku. Kaa naye umwambie wazi unataka kufanya nini na elimu yako, kabla ya mahari kukamilika na kadi kuchapishwa, na umpe nafasi ajibu. Ikiwa huwezi kulianzisha peke yako, kuna shangazi, somo, mama mlezi au kiongozi wa dini unayemwamini. Mtafute ana kwa ana. Ujue pia kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka hiari yako wewe mwenyewe, na inampa mke haki ya kumiliki mali yake. Na kama nyuma ya kauli hiyo kuna vitisho, kupigwa, au watu wa nyumbani kukulazimisha, usisubiri mahafali. Nenda dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii, au kwa watoa msaada wa kisheria walio karibu nawe. Hayo yanahitaji mtu wa kukaa nawe, barua yangu haitoshi.

Turudi kwenye karatasi zako. Kuna pengo moja ambalo hukulitaja na ambalo mtahini mzuri atalitaja: Goldman aliishi Marekani katika miaka ambayo watu weusi walikuwa wakinyongwa na makundi hadharani, naye aliandika kidogo mno juu yao. Alilaani ukatili huo alipoutaja, ila hakuwahi kuuweka katikati ya hoja zake. Lucy Parsons, mjane wa mmoja wa walionyongwa Chicago, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, alikuwa mwanaharakati kabla yake, na wawili hao hawakupatana. Parsons aliona habari za uhuru wa mapenzi zinawapotezea wafanyakazi muda. Wote wawili wamezikwa makaburi ya Waldheim nje ya Chicago, karibu na mnara wa wale walionyongwa. Goldman alifia Toronto tarehe 14 Mei 1940, na Marekani iliyomkataa akiwa hai ikaruhusu mwili wake urudi. Ukitaka kumlinganisha na mtu, mlinganishe na Parsons. Msimamizi anaweza kuona hapo tasnifu iliyo imara zaidi ya ile uliyomletea mwanzo.

Kusoma, usianze na vitabu vilivyoandikwa juu yake. Anza na insha za 1910; zimeshatoka kwenye hakimiliki na zinapatikana bure mtandaoni. Fuata na nusu ya kwanza ya Living My Life, ukikumbuka kwamba mwandishi ana takriban miaka 60 na anajipanga mbele ya historia, kwa hiyo mazungumzo anayoyanukuu ya miaka 40 nyuma usiyachukue kama rekodi ya mahakama. Kisha Urusi, toleo kamili. Jarida lake la Mother Earth, alilolitoa kuanzia Machi 1906 hadi serikali ilipolibana mwaka 1917, litakuonyesha alivyokuwa akisema wakati uleule, kabla ya kumbukumbu kupangwa upya. Hati zake zilikusanywa na mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na vitabu vyake vya nyaraka vya miaka ya Marekani vitakusaidia kupima aliyoyasema baadaye. Kama maktaba yako haina, mwone mkutubi wa marejeo mwenyewe, usiishie kwenye kompyuta ya katalogi; wao hujua njia za kuazima ambazo hazijaandikwa ukutani.

Juu ya urithi wake usiandike kwamba "alibadilisha dunia". Andika linaloweza kuthibitishwa. Roger Baldwin, mmoja wa waliounda chama cha kutetea uhuru wa raia Marekani mwaka 1920, alisema kumsikiliza Goldman kulimfumbua macho. Mapambano yake ya kuhutubia katika miji iliyomfungia kumbi yaliwafanya hata watu waliochukia anakia watetee haki yake ya kusema. Na vizazi vya wanawake wa miaka ya 1970 vilimfufua kwa sababu alizungumza mwili, kazi na dola kwa pumzi moja.

Usimpelekee msimamizi wako ombi la pili la kumtetea Goldman. Mpelekee kurasa mbili zenye swali: mawazo ya Emma Goldman kuhusu njia na lengo yalibadilikaje kati ya Homestead mwaka 1892 na Kronstadt mwaka 1921? Weka Homestead mwanzoni, usiifiche. Weka neno la kufungia la 1924 mwishoni. Nenda ofisini kwake, usitume kwa barua pepe, ukae naye azisome ukiwepo. Akikataa hata hapo, mwombe akuonyeshe ni sehemu gani ya hoja haisimami, kisha uniandikie alichosema.